Kompyuta ya Maji ya Mama Koki

Nianze kwa kukiri, usije ukaniona mtu mwema humu ndani. Dada yangu alipoamua kupoza kompyuta yake kwa maji, mimi ndiye niliyempinga kwa sauti kubwa kuliko wote. Na nilijiona nina haki. Mimi ni fundi umeme, huu ni mwaka wa thelathini na moja, na kama kuna jambo ninaloweza kuliapia ni kwamba maji na umeme havipikiki chungu kimoja. Nimefungua swichi za bafuni zilizoungua zikawa makaa. Nimemshuhudia mwenzangu akirushwa kutoka juu ya ngazi kwa sababu ya paa linalovuja. Sasa mtu aje aniambie anaingiza maji ndani ya kompyuta kwa makusudi, tena maji yanayozunguka, tena mtu mwenyewe ni mtu mzima mwenye wajukuu watatu.

Dada yangu naye ni fundi bomba. Watoto wake husema "alikuwa". Yeye husema "ni", na ukibisha atakuomba umwonyeshe barua ya kumwachisha kazi. Mtaani wanamwita Mama Koki, jina alilopewa zamani na mafundi wa kiume kwa kumkejeli. Alilichukua, akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye sanduku lake la vifaa, na kejeli ikaishia hapo.

Alianza kama mfagiaji katika shule moja ya bweni. Vyoo vilipofurika, fundi wa shule hakuonekana kwa siku tatu. Siku ya nne dada alichukua spana kubwa ya bomba kutoka stoo, akalala chali kwenye maji machafu, akatengeneza. Mkuu wa shule alimshukuru sana, kisha akamwambia arudi kwenye ufagio wake. Alirudi. Alifagia wiki mbili, akaacha kazi, akaenda kusimama kwenye lango la jengo lililokuwa likijengwa. Msimamizi akamwuliza amemletea nani chakula.

"Sijaleta chakula," alimjibu. "Nimekuja kufunga bomba."

Walicheka siku nzima. Yeye alikaa palepale langoni siku nzima, na kesho yake, na keshokutwa, mpaka mmoja wao alipopasua bomba kubwa na hakuna aliyekumbuka linafungiwa wapi. Dada alikumbuka, maana kwa siku tatu hakuwa na la kufanya ila kutazama wanavyolaza mabomba yao. Kuanzia hapo alifanya kazi hiyo miaka ishirini na saba.

Magoti ndiyo yaliyomgeuka. Alipofika miaka hamsini na sita daktari alimkataza kabisa kupiga magoti, na watoto wake wakashusha pumzi wakidhani sasa mama atatulia. Hakutulia. Alijiandikisha katika darasa la kuchora kwa kompyuta, akakaa miezi minane na vijana waliomwita bibi, akatoka na cheti. Tangu hapo anachora mifumo ya mabomba ya majengo. Wakandarasi wanapenda michoro yake kwa sababu anawapa picha za jengo zima likiwa limevuliwa kuta, kila bomba na rangi yake, maji safi bluu, maji taka kahawia, mpaka mwenye jengo asiyejua kitu anaelewa. Na mafundi wakiipokea hawaulizi maswali, kwa sababu aliyechora anajua mkono wa mtu unapenya wapi na unakwama wapi.

Shida ilikuwa picha zenyewe. Ukiiambia kompyuta itengeneze moja, inapiga hesabu kwa saa moja na nusu, na ikipiga hesabu inapata moto. Chumba cha kazi cha dada kiko nyuma ya nyumba, kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na juu ni bati tupu bila dari. Ikifika saa nane mchana bati linatema joto lake, kompyuta inatema lake, na dada yuko katikati na kitambaa kibichi shingoni. Feni za ile kompyuta zilikuwa zikivuma hivi kwamba mteja mmoja alimwuliza kwenye simu kama yuko kwenye mashine ya kusaga. Kisha ghafla kimya, na kioo cheusi. Kompyuta imejizima ili isiungue, na kazi yote ya mchana huo imepotea bure.

Nilimshauri afanye kazi asubuhi, asubuhi hazikutosha. Nilimfungia feni kubwa ukutani. Ikawa inapuliza joto lilelile kutoka upande mwingine. Mara mbili alichelewesha kazi, na mara ya pili mkandarasi akampa mtu mwingine. Watoto wake wakasikia.

Ana watoto wawili. Kifungua mimba ni mtu wa bima, mpole, anavaa shati la mikono mirefu hata Jumapili, na kazi yake ni kukadiria mabaya yanayoweza kumpata binadamu. Kitinda mimba ni nesi. Wote wawili wanampenda mama yao kupita kiasi, na nasema kupita kiasi nikijua ninachosema. Waliitisha kikao sebuleni kwake, wakaniita mimi mjomba wao nikae upande wao, nami nikakaa.

"Mama, umefanya kazi ya kutosha," mtu wa bima alianza. "Chumba kwangu kiko tayari. Kitanda nimeshanunua, kile cha juu kidogo, usihangaike kuinuka. Hii nyumba tutapangisha."

"Nani kakwambia nahangaika kuinuka?"

"Juzi umeinuka umeshikilia meza, mama," nesi akasema. "Nimekuona."

"Meza ni ya kushikilia."

"Na sasa hata kompyuta yenyewe imechoka," mwanawe akaendelea. "Kazi zinachelewa, watu wanalalamika. Unajitesa ya nini? Njoo upumzike."

Dada akanigeukia. "Na wewe, Fyuzi? Ndivyo unavyosema?" Hilo ndilo jina analoniita tangu nilipoanza ufundi, kwa sababu anasema naungua haraka.

"Dada, umekula chumvi nyingi," nikamwambia. "Kupumzika si aibu."

Alitutazama mmoja mmoja, bila haraka, jinsi anavyotazama ukuta kabla ya kuutoboa.

"Nina kazi ya bweni la ghorofa nne," alisema. "Picha tisa. Zinatakiwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nikishindwa kuzitoa, au kompyuta ikifa, nafunga virago nakuja kulala kwenye hicho kitanda chako cha juu kidogo. Nikizitoa, neno kupumzika nisilisikie tena ndani ya nyumba hii."

Wakakubali mara moja, kwa sababu waliona ameshashindwa. Mimi pia niliona hivyo.

Siku tatu baadaye nilimkuta chumbani amezungukwa na vitu sakafuni. Kulikuwa na rejeta ndogo ya hita, ya gari lililokufa zamani. Kulikuwa na pampu ya tangi la samaki, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa ya kioo iliyokuwa na jemu, na kibao cha shaba cha ukubwa wa kiberiti, ambacho ndicho kitu pekee alichoagiza. Kompyuta yenyewe ilikuwa nje ya boksi lake, imelala mezani matumbo wazi. Nilimwuliza anafanya nini.

"Nafunga bomba," alisema.

Akanieleza. Hewa ni mvivu wa kubeba joto, alisema, lakini maji ni mpagazi. Kibao cha shaba kinakaa juu ya ubongo wa kompyuta, maji yanapita ndani yake, yanalichukua joto, yanatoka nalo mpaka kwenye rejeta nje ya dirisha, yanalitua huko, yanarudi kuchukua jingine. Akasema amekuwa akifanya kazi hiyohiyo maisha yake yote, tofauti ni kwamba safari hii nyumba ni ndogo.

Nikafungua mdomo wangu. Nilimwambia tone moja likianguka mahali pabaya, kompyuta imekwisha kabla hajainuka kitini. Nilimwambia pampu ikisimama, ubongo utaungua huku yeye akiangalia picha zake. Nilimwambia maji yataota ukungu, yatazibika, yatanuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kukubali kila jambo.

"Umesahau shaba na alumini," akasema nilipomaliza. "Ukiviunga kwenye maji mamoja vinalana. Ndiyo maana nimezunguka majalala manne kutafuta rejeta ya shaba. Hii nimeikwangua kwa kisu nikaiona rangi."

"Na maji ni yapi?"

"Yale yaliyochujwa, ya kuongezea kwenye betri. Hayana chumvi, hayapitishi umeme kirahisi."

"Yakigusa vumbi yatapitisha."

"Yatapitisha," alikubali. "Na yatavuja pia siku moja. Hakuna fundi bomba mwenye akili zake anayeapa kwamba bomba lake halitavuja. Kazi yangu ni kuchagua yatamwagikia wapi."

Kisha akanionyesha, na hapo ndipo nilipoanza kukereka kweli. Alikuwa ameifunga ile kompyuta kwenye ubao wa ukutani kichwa chini miguu juu, ili ubongo wake, ambao kwa kawaida hukaa juu, uwe chini kabisa. Kila kitu cha thamani kilikuwa juu ya maji. Chini ya kibao alikuwa amegandisha kipande cha mpira wa baiskeli kama mlizamu wa kushusha maji, na chini ya mlizamu kulikuwa na sinia la kuokea. Kwenye chupa ya jemu, yenye maji ya mzunguko, alichora mstari wa rangi ya kucha: maji yakishuka chini ya mstari, kuna mahali yanatoka, zima kila kitu.

Hakuwasha siku hiyo. Alichomoa waya wa umeme wa kompyuta, akauweka kabatini akafunga na ufunguo, akawasha pampu peke yake. Viungo vilikuwa sita, na kila kimoja alikivika kipande cha karatasi ya chooni, ile inayolowa hata kwa pumzi. Pampu ikazungusha maji mchana kutwa na usiku kucha, na asubuhi akavikagua vipande vyote sita, akaviweka mstari mezani. Vilikuwa vikavu. Aliniita nivishike, nami nikavishika nikitafuta unyevu kwa moyo wangu wote.

Ndipo akawasha. Nilikaa naye mpaka saa nane mchana, saa ya kifo. Bati lilikuwa linalia juu yetu. Kompyuta ilikuwa inapiga hesabu ya picha ya kwanza, na mle chumbani, kwa mara ya kwanza tangu ainunue, nilisikia saa ya ukutani. Niliwasikia watoto wa jirani wakigombana. Nilimsikia dada yangu akivuta pumzi. Saa tisa picha ilitoka, mabomba ya bluu na ya kahawia yakipanda ghorofa nne, na nikipeleka mkono dirishani nilihisi joto likitoka kwenye rejeta na kwenda zake nje. Alinitazama akasubiri niseme neno. Nikamwambia tutaona.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka.

Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya kikomo. Picha sita zilikuwa tayari, zimebaki tatu. Dada alikuwa amekwenda kliniki ya magoti, na mimi nina ufunguo wa nyumba yake, basi nikaingia. Najiambia niliingia kuangalia usalama. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Nikaanza kugusa viungo kimoja kimoja. Cha kwanza sawa, cha pili sawa. Cha tatu, kile kinachotoka kwenye kibao cha shaba, kikazunguka kidogo chini ya vidole vyangu.

Katika umeme hakuna dhambi kubwa kuliko kiungo kilicholegea. Waya uliolegea ndio unaotoa cheche, cheche ndiyo inayounguza nyumba, na kila niliyewahi kumfundisha kazi anakumbuka nilivyomwambia: kaza, halafu kaza tena. Mkono ukaenda wenyewe mfuko wa nyuma. Nikatoa plaizi, nikakishika kile kiungo cha plastiki, nikakizungusha nusu mzunguko. Kilitoa kasauti kadogo. Nikaridhika, nikafunga mlango, nikaondoka nikipiga mluzi.

Ijumaa saa saba mchana nesi alinipigia simu. Alikuwa amepita kumpelekea mama yake dawa, akamkuta amepiga magoti sakafuni, magoti yaleyale, katikati ya dimbwi la maji, na kompyuta imezimika.  Alisema ameshamwambia kaka yake, atakuja kesho asubuhi, na yeye analala palepale kuhakikisha mama hagusi kitu.

Unajua nilichohisi kwanza? Nilihisi furaha. Nilisema moyoni, niliwaambia. Ile plaizi hata haikunijia akilini.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa wote sebuleni. Mtu wa bima alikuja na masanduku mawili matupu, akayaweka nyuma ya mlango, kwa heshima, kana kwamba hayapo. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti chake na sahani mapajani, imefunikwa kwa kitambaa.

"Kikao kiwe kifupi," alisema. "Nina picha tatu, na kila moja inakula saa moja na nusu."

"Mama, makubaliano ni makubaliano," mwanawe alisema taratibu. "Kompyuta imekufa."

"Haijafa. Maji yalishuka chini ya mstari, nikaizima kwa mkono wangu. Yote yaliingia kwenye sinia."

"Yalikuwa sakafuni," nesi akasema. "Nimeyaona kwa macho yangu. Na wewe ulikuwa ndani yake."

"Sinia nililipiga teke mimi nikikimbilia swichi. Ukimbie na magoti haya uone kama hutapiga kitu teke. Njoo uiguse kompyuta yenyewe. Nimeipangusa, imelala mbele ya feni tangu jana. Imekauka kuliko ulimi wangu."

Mtu wa bima alipangusa miwani yake. Kisha akafanya anachofanya siku zote katika familia yetu linapokuja jambo la waya. "Mjomba, wewe ndiye mtaalamu," alisema. "Wewe sema. Hiki kitu ni salama au si salama?"

Nilikuwa na hotuba tayari. Nilikuwa nimeipanga njiani, yenye mifano, na yule mwenzangu wa ngazini angeingia kwenye aya ya pili. Dada akaondoa kitambaa, akaiweka sahani mezani mbele yangu.

Kilikuwa kile kiungo cha tatu. Pembeni yake ililala raba yake, ile pete ndogo nyeusi inayozuia maji, imebanwa mpaka ikatoka mahali pake na kupasuka. Na kwenye plastiki nyeupe, pande zote mbili, kulikuwa na alama za meno ya plaizi. Meno yenyewe nayajua. Plaizi yangu ina jino moja lililovunjika, nililivunja kwenye kufuli la jengo fulani miaka mingi iliyopita, na pale kwenye plastiki palikuwa na pengo lake.

 Dada alikuwa anatazama dirishani. Ndipo nilipoelewa kwamba alijua tangu jana, tangu alipokifungua, na hakumwambia hata binti yake aliyelala naye nyumba moja. Neno langu moja, si salama, lingemfunga ndani ya yale masanduku mawili, na yeye angeacha niliseme. Nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni. Katika maisha yangu nimepigwa na umeme mara nne, na hakuna hata mara moja iliyoniuma vile.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini, mjomba?"

"Mimi ndiye niliyekiharibu. Alhamisi niliingia na ufunguo wangu, nikakikuta kinacheza, nikakikaza kwa plaizi. Alama ni hizi hapa. Plaizi ni hii." Nikaitoa mfukoni nikaiweka kando ya sahani.

"Hakikuwa kinacheza," dada alisema, bado akitazama dirishani. "Kile kinafungwa kwa vidole tu. Raba ndiyo inayozuia maji, si nguvu zako. Ukiibana sana inakimbia. Ningekufundisha ungeniuliza."

Nesi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Kaka yake alikichukua kile kiungo, akakigeuzageuza kwenye mwanga, lakini hakuwa mtu wa kuachia kirahisi. "Sawa, mjomba kakosea," alisema. "Ndiyo hatari yenyewe ninayoisema, mama. Leo mjomba, kesho mwingine, keshokutwa pampu. Siwezi kukaa ofisini nikijua uko hapa peke yako na kitu kinachoweza kuvuja wakati wowote."

Hapo dada aliinuka. Aliinuka bila kushikilia meza, nikaona jinsi taya lake lilivyokaza kwa maumivu, na nadhani wote tuliona.

"Itavuja tena," alisema. "Nakuhakikishia. Na mimi nitaanguka siku moja, tena pengine humuhumu ndani. Nyie mnadhani sijui? Nimeshika maji miaka ishirini na saba. Lakini nyote watatu mna ugonjwa mmoja. Mkiogopa, mnakaza. Huyu kakaza kwa plaizi. Wewe unakaza kwa kitanda cha juu kidogo. Huyu hapa kalala mlangoni kwangu kama askari. Mmenibana mpaka natoka mahali pangu, halafu mnashangaa kwa nini nalia."

Hatukujua kwamba analia mpaka alipolisema. Mwanawe alisimama, akakaa tena.

"Fyuzi," dada akaniambia. "Kwenye kopo kule jikoni kuna raba. Tafuta ya saizi hii. Na kiungo kingine kiko kwenye sanduku langu. Utakifunga wewe."

"Mimi?"

"Kwa vidole."

Nilikifunga kwa vidole vyangu vinene, magoti yangu sakafuni kwa niaba ya yake, naye amesimama juu yangu akisema basi, basi, hapo hapo, acha. Kila neva mwilini mwangu ilikuwa inataka robo mzunguko zaidi. Niliacha. Nilijaza maji mpaka juu ya mstari, tukawasha pampu peke yake, na dada akavika karatasi viungo vyote sita. Kipimo cha haki ni siku nzima, alisema, lakini leo atatoa saa moja, na lawama ni yake.

Basi tukakaa. Fundi umeme, mtu wa bima na nesi, watu wazima na akili zetu, tukakaa saa nzima kwenye viti vya plastiki tukitazama vipande sita vya karatasi ya chooni.  Mara mbili mtu wa bima aliinama, akagusa karatasi ya tatu kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole chake. Mara ya pili alikunja mikono ya shati.

Saa nne na nusu dada akawasha. Picha ya saba ilitoka saa sita kamili. Ya nane ndiyo iliyokuwa na kazi, maana ilikuwa ya vyoo vya ghorofa zote, na iliangukia saa ya joto lenyewe. Bati lilianza kulia. Nesi alikuwa anampepea mama yake kwa gazeti, na kaka yake ndiye aliyekaa mbele ya kioo akisoma nyuzi za joto kwa sauti, ingawa hakuna aliyemtuma. Hamsini na nane. Sitini. Sitini na moja. Zamani ilikuwa inajizima kwenye mia. Saa nane ikapita, na nusu yake ikapita. "Sitini na moja," alisema tena, akageuka kumtazama mama yake, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeonyeshwa kitu. "Mama, joto halipandi."

"Litapanda kwenda wapi?" dada akajibu. "Maji yanalibeba."

Picha ya tisa ilitoka saa kumi na dakika tano. Alizikagua zote kwa utulivu, akarekebisha jina la bomba moja, akazituma kabla ya saa kumi na moja. Mkandarasi alijibu kwa neno moja, zimefika. Dada aliufunga mkebe wa miwani yake.

Mwanawe aliyabeba masanduku yake matupu mpaka mlangoni, akasimama. "Na kile kitanda?" aliuliza.

"Kilale. Nitakuja Jumapili kuwaona wajukuu wangu, jioni narudi kwangu." Kisha akamshika shavu. "Wewe hukunikosea. Umeogopa tu."

Walipoondoka nilibaki kukunja viti. Dada alikuwa ameketi mbele ya kioo, magoti yake amefunga vitambaa vya maji ya moto, na ile kompyuta ya kichwa chini ilikuwa kimya ukutani, maji yakipita kwenye mpira bila sauti.

"Fyuzi," alisema bila kugeuka. "Ulipokaza, ulikuwa unataka ife?"

Ningeweza kusema hapana. Ndilo jibu nililompa kila mtu aliyeniuliza baadaye. Lakini alikuwa amenilinda siku nzima kwa kunyamaza, na nilikuwa nimechoka.

"Sijui, dada," nikamwambia.

 Kisha akanyoosha mkono wake nyuma, kiganja juu, bila kunitazama, nami nikaelewa anachotaka, nikakifuata mezani sebuleni nikampa. Plaizi yangu iko kule ukutani mpaka leo, kwenye msumari kando ya chupa ya jemu. Ni mwaka wa pili sasa. Kiungo kimoja kimevuja mara moja tangu hapo, maji yakaingia kwenye sinia, na aliyeitwa kusaidia ni mimi. Nilikifunga kwa vidole. Plaizi sijaiomba.